Waziri Wetu na Chumba cha Kunyonyeshea

Mimi ni mstaafu. Msicheke, mabinti. Najua mstaafu mliyemzoea ni mzee mwenye mvi na redio ndogo, anayeshinda barazani akiulizia mafao yake. Mimi mvi sina, meno yangu yote yapo, na nina mtoto wa kiume anayejifunza kuongea ambaye sasa hivi ananinyang'anya kalamu. Lakini barua niliyokabidhiwa getini ilisema kiwanda kinanishukuru kwa utumishi wangu na kunitakia mapumziko mema. Ukishatakiwa mapumziko mema umestaafu, hata kama una miaka thelathini na ushee na hujui jioni utapika nini.

Wastaafu wa kweli hupewa bati, wengine blanketi, wengine hupiga picha na meneja. Mimi niliruhusiwa kurudi ndani kuchukua kandambili zangu, mlinzi akiwa nyuma yangu asije akaibiwa kiwanda.

Nawaandikia nyie mlioanza juzi laini ya kola na laini ya vifungo. Niliwapita pale barabarani, sare zenu bado zina mikunjo ya pasi, mkaniamkia "shikamoo mama" wote kwa pamoja kama watoto wa chekechea. Nilikasirika. Halafu nikasema, sawa, kama nimeshafikia umri wa kuamkiwa na wanawake wenye vifua kama vyangu, basi nina haki ya kuwachosha kwa habari za zamani kama wazee wengine. Kaeni chini.

Nianze na cherehani, maana mtakutana nayo kabla ya kukutana na binadamu yeyote pale ndani. Zile mashine si kama ya fundi wa sokoni inayokwenda kwa mguu wako. Ukigusa pedeli kwa woga inaruka, ukigusa kwa hasira inakushona kidole. Usivute kitambaa, kisindikize tu. Ukisikia bobini imebadilisha mlio, simamisha, uzi unakaribia kwisha. Sindano ikivunjika, tafuta vipande vyote mpaka uvipate, hata msimamizi apige kelele namna gani, kwa sababu kipande kimoja kikibaki ndani ya shati kitamchoma mtoto wa mtu.

Mimi haya sikuambiwa siku ya kwanza. Wiki yangu ya kwanza nilishona kola za sare za shule nikazigeuza zote, ndani ikawa nje. Lundo zima la mashati yanayotazama shingo ya mvaaji. Msimamizi akanisimamisha mbele ya laini, akainua shati moja juu kama bendera, akauliza kama kidato cha nne siku hizi kinafundishwa gizani.

Aliyenyanyuka ni Mama Apolonia. Huyu alikuwa mkongwe wa laini ya kola, mama mnene mwenye rozari shingoni, sauti yake ilikuwa inashinda kelele za mashine bila yeye kujitahidi.

"Wewe binti, kwenu wapi?"

"Matombo, mama."

"Mama yako ni wa ukoo gani?"

Nikamtajia. Kwetu Waluguru mtu ni wa ukoo wa mama yake, baba ni mgeni mwenye heshima. Mama Apolonia akapiga makofi.

"Basi mimi ni mama yako mkubwa. Hizo kola ni za kwetu wote. Leteni hapa."

Akaligawa lile lundo kwa wanawake wa laini nzima, saa ya chai wakafumua, saa ya uji wakashona upya. Msimamizi akabaki ameshika lile shati moja, hana la kulifanyia. Tangu siku hiyo Mama Apolonia alikuwa mama yangu kiwandani, na chochote ninachokijua kuhusu sindano kimetoka kwake.

Ninachokijua kuhusu wakubwa kimetoka kwa Kapela.

Nyie mnamjua Mheshimiwa Waziri Kapela wa kwenye runinga, mwenye suti na miwani. Sisi tulimjua Kapela mkataji, kijana mwembamba wa chumba cha kukatia vitambaa, Mnyamwezi wa Tabora, nywele zimejaa vumbi la pamba. Ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa chama cha wafanyakazi tawi letu. Akiingia laini ya kola haikupita dakika kabla hajamchokoza Mama Apolonia.

"Waluguru nyie, mmezaliwa kwenye mteremko, mguu mmoja mrefu mmoja mfupi. Ndiyo maana kwenye sakafu bapa mnaanguka anguka."

"Na nyie babu zenu walibeba mizigo ya watu mpaka pwani," Mama Apolonia anajibu bila kuinua macho. "Wewe umeendeleza ukoo, unabeba maneno ya watu kupeleka ofisini. Michembe wewe, kiazi kikavu!"

Mgeni angedhani watashikana mashati. Mluguru na Mnyamwezi ni watani. Mtani anakutukana mbele za watu na wewe unacheka, na wewe ukimtukana anacheka. Anayekasirika ndiye mwenye kosa. Hilo lishikeni, maana bila hilo hamtaelewa mbele.

Kapela alikuwa na shule yake, aliifundisha pale bombani tunaponawia mikono. Kwanza, usiende kujadiliana na mwajiri ukiwa na njaa, mwenye njaa hukubali haraka. Pili, ukitaka kitu kimoja omba vitatu, viwili uwe tayari kuviacha, ili mwajiri aende nyumbani akijisifu amekushinda. Tatu, na hili alilisema akiwa amekunja uso: usinywe soda ya mwajiri kabla ya kusaini. Mtu aliyekunywa soda ana haya. Anajiona mchoyo akikataa.

Chumba cha kunyonyeshea kilipatikana kwa shule hiyo. Mimi nilikuwa bado sijaolewa. Akina mama wenye vichanga walikuwa wanakamulia maziwa yao chooni, wakirudi laini vifua vimelowa, vitambaa vinapata madoa wanakatwa mshahara. Sheria ilikuwepo, inampa mama anayenyonyesha saa mbili kwa siku. Lakini Kapela alikuwa anasema, "Sheria iko Dodoma, titi liko Morogoro. Mkataba wa hali bora ndio wa kuvikutanisha." Mkataba wa hali bora ni ule chama kinaoufunga na mwajiri, na mwajiri alikuwa anasema kila siku kwamba kiwanda hakina nafasi ya watoto.

Asubuhi moja Kapela akatuambia, "Meneja anasema nafasi hakuna. Mimi nimechungulia ofisini kwake, nafasi ipo."

Akina mama wote kesho yake walikuja na watoto wao mgongoni. Sisi tusio na watoto tukabeba pacha wa mwingine. Tukaingia ofisini tukawalaza: wengine kwenye kochi, wengine kwenye zulia, mmoja juu ya meza kati ya simu na kalenda. Kulikuwa na mashati ya sampuli yaliyokunjwa vizuri yakisubiri mteja, mtoto mmoja akayakojolea yote bila upendeleo.

Meneja akaja mbio. "Kapela! Hii fujo ya nini?"

"Fujo gani, bosi? Hawa hata kuongea hawajui. Mimi nimekuja kuwatafsiria tu."

"Wanasema nini?"

Kapela akainamisha sikio kwa yule wa mezani, aliyekuwa analia mpaka kitovu kinatoka. "Wanasema njaa."

Mpaka wiki inaisha tulikuwa na chumba: stoo ya zamani karibu na zahanati ya kiwanda, mikeka, pazia, bomba la maji. Na saa mbili zikaandikwa kwenye mkataba. Mama Apolonia alipiga vigelegele mpaka mashine za laini ya pili zikasimama. Nasema haya ili mjue kwamba sikumchukia Kapela tangu mwanzo. Tulimpenda. Ndiyo maana.

Basi akapanda. Akachaguliwa kuongoza chama mkoa mzima, tukacheza. Akaenda taifani, Mei Mosi tukamwona jukwaani amekunja ngumi juu, tukacheza tena. Mwisho akateuliwa kuwa mbunge, kisha naibu waziri, na haikupita muda akawa waziri kamili. Siku hiyo laini zote zilisimama na hakuna aliyekatwa. Tulikuwa tunakumbatiana kama tumeapishwa sisi. Mama Apolonia peke yake alikaa.

"Mama, hufurahi?"

"Nafurahi. Ila tumempoteza mkataji mzuri."

Angalieni maneno ya mtu anapopanda. Kapela mkataji alikuwa anasema "tunataka". Alipofika mkoani akasema "tunaomba". Taifani akasema "tunashauri". Uwaziri ulipoingia nikamsikia redioni anasema "serikali sikivu inalifanyia kazi". Sisi tulioko kazini tulibadilika jina pia. Zamani tulikuwa "wenzangu". Siku hizi sisi ni "wadau".

Niliolewa katikati ya hayo, nikapata mimba, nikaenda likizo ya uzazi. Narudi, mtoto ana miezi mitatu na ana njaa kama mpagazi, nakuta chumba chetu kina mlango mpya wa vioo. Juu ya mlango kibao cha dhahabu: CHUMBA CHA MHESHIMIWA KAPELA. Ndani makochi meupe, kiyoyozi, na picha yake kubwa ukutani.

Afisa utumishi akanieleza kwa upole. Mheshimiwa anakuja kututembelea, na uongozi umeona umpe heshima. Kwa kutambua mchango wake katika haki za akina mama wanaonyonyesha, chumba cha kunyonyeshea kimepewa jina lake na kutengwa kwa ajili ya wageni wa heshima.

"Na wanaonyonyesha?"

"Wavumilie kidogo mpaka ziara iishe."

Tukarudi chooni.

Siku ya ziara, kabla king'ora hakijasikika, kreti za soda zikapita laini kwa laini. Baridi kabisa, zinatoka jasho. Nikaikumbuka shule ya bombani, nikaiacha ya kwangu juu ya mashine. Jirani yangu akainywa pamoja na yake. Akapiga makofi kuliko wote.

Kapela akaingia na msafara, akaturushia mikono, akaongozwa moja kwa moja kwenye kile chumba. Akakaa. Akapapasa kochi.

"Nakikumbuka chumba hiki," akasema, na sauti ikamtetemeka kweli, simsingizii. "Akina mama, hapa tulipigana. Leo mna kiyoyozi! Mmependelewa!"

Mimi nilikuwa mlangoni. Saa ya mtoto wangu ilikuwa imepita, sare imelowa pande zote mbili.

"Shikamoo mheshimiwa."

"Marahaba. Mwajuma! Bado upo?"

"Nipo. Mwanangu yupo Kihonda kwa jirani, anakunywa uji mwepesi. Nauliza, sisi tunanyonyeshea wapi?"

Akamtazama meneja. Meneja akatazama kiyoyozi. Niliona kwamba Kapela hakujua, na niliona dakika ileile ameshajua. Hapo mtu angeweza kuinuka kutoka kwenye lile kochi. Yeye akamgeukia msaidizi wake.

"Andika hilo. Ni hoja nzuri. Tutaichakata."

Kwetu kinachochakatwa ni muhogo, na mwisho wake angalau unapata unga. Mimi nilisubiri. Wageni wa heshima waliendelea kuja, leo wa benki, kesho wa mteja, chumba hakikosi mtu wa kukaa. Nikachoka. Nikachukua saa zangu za kwenye mkataba kwa mguu wangu: ikifika saa nne naaga laini, natembea mpaka Kihonda, namnyonyesha mwanangu, narudi. Nikapewa onyo la kwanza kwa utoro. Nikaenda tena. Nikaenda chama, mwenyekiti mpya akaniambia suala la chumba liko mezani kwa waziri, si busara sisi wa chini kuliingilia. Nikapiga namba ya Kapela niliyokuwa nayo. Haipatikani. Siku moja nikarudi kutoka Kihonda nikakuta geti limefungwa na ile barua ya mapumziko mema inanisubiri kwa mlinzi. Mtoto wangu alikuwa hata hajaota jino.

Sasa mniulize, mama Mwajuma, uliwezaje kumpata waziri tena? Nilimpata kaburini.

Mama Apolonia alishastaafu, kustaafu kwa kweli, akarudi kwao Matombo kulima migomba na viungo. Akaugua, akafariki. Tukapanda, sisi wanawake wa laini ya kola, wengine kwa ruhusa na wengine bila, mimi nikiwa na mwanangu mgongoni. Njia mnaijua ile, mvua ikinyesha inakuwa uji. Tulipofika tukaambiwa Mheshimiwa Kapela yuko njiani, gari lake limekwama chini, anakuja kwa miguu. Nikasema moyoni, angalau amekuja.

Sasa msiba wetu una kazi za watani. Mtani ndiye anayechota maji, anafagia uwanja, anashika jembe. Ndiye anayeigiza marehemu alivyokuwa akitembea mpaka wafiwa wacheke na machozi yao. Na wakati wa kuzika mtani anaweza kuruka ndani ya kaburi akalala, akakataa kutoka mpaka wafiwa wampe kitu. Kapela alikuwa bingwa wa hilo. Enzi za ukataji, msiba wowote wa Mluguru kiwandani, yeye ndiye alikuwa wa kwanza kushuka shimoni.

Siku hiyo mtendaji wa kijiji alifanya kosa. Alimwona waziri, akasahau kwamba anamwona mtani. Akamwekea kiti cha plastiki chenye kitambaa, chini ya turubai, na chupa ya maji ya kununua. Kapela akakaa, suruali ina matope mpaka magotini. Watani wengine wanafagia, yeye amekaa. Nikasikia damu inapanda. Nikasimama.

"Wewe Mnyamwezi!"

Msaidizi wake akanyanyuka.

"Ndiyo, wewe wa kwenye kitambaa. Dada yako wa utani kalala kwenye sanduku, wewe umekaa kama bwana harusi. Nani kakudanganya mtani anakaa msibani kwetu? Au mabega ya upagazi yamekwisha?"

Wazee wakaanza kucheka kwa chini. Msaidizi akanijia, Kapela akainua mkono.

"Mwache huyo. Mtani wangu huyo." Angesema nini? Akikasirika, amekosa yeye. Akavua koti, akamkabidhi msaidizi, akasema kwa sauti ile ya zamani, "Waluguru nyie hata kuchimba hamjui! Kaburi limepinda kama miguu yenu. Ngoja nipime."

Akaruka ndani. Jamani, nilimwona Kapela mkataji amerudi. Akalala chali kwenye udongo mwekundu, akakunja mikono kifuani.

"Pazuri hapa! Apolonia atafute kwingine. Sitoki bila kitu. Leteni mikungu ya ndizi, leteni mdalasini!"

Watu wakafa kwa kicheko. Desturi ilivyo, wafiwa hapo hubembeleza, hutupa chochote, mtani anapewa mkono anatoka. Mimi nikawatazama wenzangu wa laini. Tukalizunguka lile kaburi, tukasimama bega kwa bega.

"Hatutoi kitu," nikasema. "Kaa humohumo."

"Ee?"

"Umesema pazuri. Kaa. Tutamzika mama yetu juu yako, atakulalia. Unamjua uzito wake."

Kicheko kikawa kikubwa zaidi, na Kapela alicheka pia. Akainuka, akanyoosha mkono avutwe. Hakuna aliyeushika. Akajaribu kupanda, udongo umelowa, akateleza. Kaburi la milimani halina mchezo, mtu mfupi kama yeye hatoki peke yake. Kicheko chake kikapungua kidogo kidogo.

"Haya, mmeshinda. Mnataka nini?"

"Chumba chetu," akasema jirani yangu, yuleyule aliyekunywa soda mbili.

"Na saa zetu," akasema mwingine.

"Wapendwa, hilo suala lina mchakato wake, wadau wote..."

"Rudi ulale!" tukamwambia.

Padri alikuwa pembeni na kitabu chake. Akatazama wingu lililokuwa linashuka kutoka juu ya Uluguru, akasema kwa upole, "Mheshimiwa, wape wanachotaka. Mvua haina mchakato."

Kapela akatazama juu, nyuso zetu zimemzunguka, na juu ya nyuso zetu ncha ya sanduku. Akasema, safari hii bila utani wowote usoni, "Chumba kitarudi. Na saa zitarudi. Naapa."

"Kwa nani?"

"Kwa huyo mliyembeba."

Tukamvuta. Tukamzika mama yetu, mvua ikatunyeshea wote sawa.

Wakati wa kuondoka nikamfuata njiani. Alikuwa ameshavaa koti, udongo umemganda mgongoni bila yeye kujua.

"Lini?" nikamuuliza.

"Umenipatia leo, mtani," akacheka. "Lakini nawe unajua, utani ni utani."

Mabinti, nilibaki pale njiani kama nimemwagiwa maji. Nilidhani nimepata mlango wa kumfikia mkubwa, kumbe mlango uleule ndio anaotokea yeye. Naruhusiwa kumwambia lolote, na yeye anaruhusiwa kulisikia kama kichekesho. Nililia kuliko nilivyolia kwenye sanduku.

Aliyenikuta nalia ni Mama Filomena, mdogo wake marehemu, ambaye sasa ndiye mkubwa wa ukoo. Bibi mkavu, haongei sana. Nikamweleza. Akaniuliza jambo moja tu.

"Aliapa akiwa ndani ya kaburi, au alishatoka?"

"Ndani."

"Basi si utani. Utani huishia ukingoni. Anachoahidi mtani akiwa shimoni ni cha marehemu." Akatema mate pembeni. "Hatuondoi matanga mpaka alete."

Nyie wa mjini mnaondoa matanga siku ya tatu mnarudi kazini. Kule kwetu matanga yasipoondolewa msiba bado uko ndani ya nyumba. Uwanja haufagiliwi ukaisha, hakuna ngoma, hakuna kupeleka posa kwenye ukoo ule. Na mtani ndiye wa kufagia siku ya mwisho. Siku ikafika, watani wengine wakajitolea na mifagio yao, Mama Filomena akawarudisha. "Tunamsubiri waziri," anawaambia. "Ana mzigo wa marehemu."

Siku zikaenda. Uchafu ukalundikana mlangoni kwa Mama Filomena, na kila anayepita anauliza, na kila anayeuliza anajibiwa. Habari ikashuka na wauza ndizi mpaka sokoni Morogoro. Ikafika Mzumbe, ikafika Dumila kwa wauza vitunguu wa barabarani, wanaowauzia waheshimiwa wakielekea Dodoma. Nasikia siku moja Kapela aliteremsha kioo aulize bei, mama mmoja akamwambia, "Baba, kamalize kwanza matanga ya watu." Wanyamwezi wenzake nao wakaanza kumwona anawaaibisha, wakifika misiba yetu tunawauliza wanaapa kwa mtindo wa Kapela au wa kawaida. Waziri anaweza kuvumilia magazeti. Hakuna mwanasiasa anayeweza kuvumilia kuambiwa amemzuilia marehemu safari.

Haikuwa haraka. Mvua za vuli zilipita, na masika nayo. Lakini makochi meupe yalitolewa. Kibao cha dhahabu kikang'olewa, mikeka ikarudi, saa mbili zikasomwa upya mbele ya laini zote, Kapela mwenyewe akiwa amesimama pale. Utepe alikata, bila utepe angekufa. Wiki ileile akapanda Matombo.

Mama Filomena alimpokea kizingitini.

"Umeleta?"

"Nimeleta, mama."

"Shahidi?"

Wanawake watatu wa laini ya kola wakasogea na watoto wao. Walikuwa wamenyonyeshea kwenye kile chumba jana yake, siku nzima. Mama Filomena hakuwatazama akina mama. Alishika mashavu ya watoto mmoja mmoja, akayabinya kama anayechagua embe, akampa Kapela mfagio. Akafagia uwanja wote, waziri mzima, watoto wakimcheka, mpaka matanga yakaisha.

Alipomaliza akanijia, anahema, amefurahi. Nadhani alitaka nimsifu.

"Haya mtani, na wako yuko wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole. Mwanangu alikuwa anafukuza kuku wa Mama Filomena, mkononi ana hindi la kuchoma, analitafuna kwa meno yake.

"Yule pale. Ameshaacha ziwa."

Kapela alifungua mdomo. Nilisubiri aseme linafanyiwa kazi. Alibaki ameshika mfagio.

Nilirudi kiwandani kuomba nafasi yangu. Afisa utumishi, mpole kama kawaida, aliniambia laini zimejaa, wameshaajiri mabinti wapya. Ndio nyie. Siwalaumu, mtu huingia pale mlango ulipo wazi. Lakini mjue kile chumba kimefunguliwa na nani, na msikubali kiitwe jina la mtu yeyote, hata langu.

Mkizaa, ingieni. Ingieni saa yenu ikifika, si ikipita. Vueni viatu, kaeni kwenye mkeka, mpeni mtoto titi moja mpaka aliachie mwenyewe, halafu mpeni la pili. Msimamizi akigonga mlango, msimjibu kwa hasira wala kwa woga. Mwambieni hajashiba.